Koili ya Vijiti Kumi na Kimoja

Mtaani walimwita Bi Msusi, na jina hilo lilimsumbua maisha yake yote. Kila mwanamke aliyehamia jirani alibisha hodi akiwa na kitana mkononi, akitaka kusukwa nywele. Yeye hakujua kusuka nywele hata za mwanasesere. Alichosuka ni viti. Kwa miaka ishirini na mitatu alifanya kazi kwenye karakana ya samani, akipitisha fito laini za henzerani juu na chini, juu na chini, mpaka kiti kikapata pa kukalia.

Mumewe alikuwa fundi wa redio, na hakuna aliyemwita kwa jina jingine zaidi ya Fundi, hata mkewe. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza ndefu, rafu zilizojaa redio zilizopasuliwa matumbo, harufu ya risasi iliyoyeyuka. Watoto wakienda shule walipita humo humo, mikono mfukoni, maana walikwishaonywa wasiguse kitu.

Bi Msusi aliolewa mbali na kwao, safari ya siku mbili kwa treni. Mji aliozaliwa ulikuwa na stesheni yake ndogo ya redio, na jua likianza kutua mawimbi yake yalifika hata huku. Taabu ni kwamba kando yake, upana wa ukucha tu kwenye kioo cha redio, ilikaa stesheni kubwa ya jiji, nayo ilinguruma utadhani inalipwa kwa kelele. Kila jioni, akishamaliza shughuli za jikoni, Bi Msusi aliinama sikio likigusa spika, akisogeza kitufe kidogo kidogo. Aliambulia neno moja hapa, nusu neno pale, kisha tangazo la sabuni likameza yote.

Hakulalamika. Lakini Fundi alikuwa na macho.

"Bibie," alimwambia siku moja, "stesheni yako ipo. Redio ndiyo haijui kuchagua."

"Kwani redio nayo inachagua?"

"Koili ndiyo inayochagua. Ikiwa mbovu ni kama mlango mpana, unayemtaka na usiyemtaka wote wanaingia. Nikiupunguza huo upana, ataingia mmoja tu."

Akaanza kazi. Alizungusha waya wa shaba kwenye bomba la karatasi ngumu, akaipima koili yake kwa vyombo alivyounda mwenyewe. Upimaji wenyewe, ukiuelewa, hauna uchawi. Kisanduku kimoja kilitoa mawimbi. Koili iliwekwa shibiri moja kutoka hapo, imeunganishwa na kapasita ya kuzungusha, kile kifaa kinachogeuzwa na kitufe cha stesheni, na mita yenye mshale ikaonyesha nguvu iliyonaswa. Fundi alisogeza masafa mpaka mshale ukapanda kileleni, akaurekebisha usimame kwenye kumi. Halafu alirudi nyuma polepole mpaka ukashuka kwenye saba, akaandika. Akaenda mbele, ukapita kileleni na kushuka tena kwenye saba, akaandika. Nafasi iliyokuwa kati ya zile saba mbili ndiyo ilikuwa upana wa mlango. Alichukua masafa ya kileleni, akayagawanya kwa nafasi ile, akapata ubora wa koili. Namba ikiwa kubwa, koili ni nzuri.

Koili ya kwanza ilipata tisini. Ya pili, mia moja na nne. Ya tano, aliyoitia waya mnene akiitegemea sana, ilirudi tisini na saba, na siku hiyo alikitazama chakula kama kimemtukana.

Mkewe alikuja na chai, akasimama nyuma yake.

"Mbona nyaya umezibana hivyo, kama njiti za kiberiti?"

"Ndiyo tabu. Zikilala ubavu kwa ubavu zinanyonyana nguvu. Nilijaribu kuzisuka kwenye vijiti vilivyosimama duara, waya upite nje ya kimoja, ndani ya kinachofuata. Nikapanga vijiti kumi na viwili. Kila mzunguko unalala palepale juu ya mwenzake."

Bi Msusi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Kumi na viwili havisukiki, Fundi. Weka kumi na kimoja. Lazima kijiti kimoja kikose mwenzake, ndipo mzunguko wa pili upishane na wa kwanza. Ungeniuliza mwezi uliopita."

"Ningejuaje kwamba redio ni kikapu?"

Tangu siku hiyo kusuka koili ikawa kazi yake. Fundi alipata waya wa aina nyingine, nyuzi nyingi nyembamba kama unywele, kila mmoja na ganda lake, zimesokotwa pamoja. Uzi mmoja ukikatika, namba inashuka. Vidole vya Fundi vilizikata kama tambi. Vya mkewe havikukata hata mmoja. Walijifunza kwa kukosea. Misumari ya meza iliiba nguvu, wakahamia kwenye meza iliyounganishwa kwa gundi. Karatasi ngumu waliyosimamishia vijiti ilikunywa unyevu wakati wa mvua, wakaiacha, wakachukua kifuniko cha plastiki cha ndoo. Hata mtu akisogea karibu mshale uliyumba, kwa hiyo walipima wakiwa wamejivuta nyuma kwenye viti vyao, Fundi akizungusha kitufe kwa kijiti kirefu, mkewe akisoma.

"Nane. Saba na nusu. Saba, hapo hapo."

Mia moja na themanini. Mia mbili na arobaini. Koili ya kumi na tisa ilipata mia nne na kumi na mbili. Fundi alipiga hesabu mara tatu, kisha akaifunga ndani ya redio ya sebuleni.

Jioni hiyo Bi Msusi alisogeza kitufe, na stesheni ya jiji ikatoweka kama mtu aliyefungiwa nje. Badala yake akazungumza mwanamume mwenye sauti ya pole, akiyavuta maneno mwishoni kama walivyoyavuta watu wa kwao. Alikuwa akitangaza kwamba daraja la mtaa wa washona viatu limefunguliwa tena. Hakuna habari ndogo kuliko hiyo. Bi Msusi alizaliwa nyumba ya tatu kutoka daraja hilo. Aliketi ameshika tama, machozi yakimdondoka, huku anatabasamu.

"Sauti imekuwa nzito," Fundi alisema, amekunja uso. "Koili kali mno inakata ncha za maneno. Naweza kuilegeza kidogo."

"Thubutu uiguse."

Hivyo ndivyo watoto wao walivyokua wakijua hali ya barabara na bei za soko za mji ambao hawajawahi kuukanyaga. Baadaye stesheni ile ilifungwa, kimya kimya, jioni moja ikawa haipo. Miaka minne mbele Fundi naye akafariki. Bi Msusi alifunga mlango wa barabarani, akafunika meza kwa shuka.

Mwaka wa pili wa ujane, vidole vilimshinda. Vilizoea kazi, na sasa vilikaa mapajani tu. Akaondoa shuka, akapanga vijiti, akaanza kusuka. Kupima peke yake kulikuwa taabu, macho kwenye mshale na mkono kwenye kijiti, wala hakuna wa kumwambia "hapo hapo". Alijisemea mwenyewe kwa sauti, akajiona kama mwehu, akaendelea. Baada ya miezi kadhaa alipata mia sita na tano. Alitazama mlangoni kwa mazoea, kutafuta wa kumwonyesha.

Ilipita kama wiki, mwalimu wa chuo cha ufundi akaja na redio kwapani, hajui kuwa Fundi hayupo tena. Alitoa pole nyingi, kisha macho yake yakanasa mezani.

"Hii alitengeneza marehemu?"

"Nimetengeneza mimi."

"Na mia sita hii iliyoandikwa hapa?"

"Mia sita na tano."

Mwalimu alikuwa mtu wa heshima, hakubisha. Ila kesho yake alirudi na chombo kipya cha chuo, chenye namba zinazowaka. Alipima mara moja, akapima tena.

"Mia tano na tisini na nane, mama."

"Jivute nyuma kidogo, mwanangu. Umeikaribia mno."

Akajivuta. Namba zikapanda hadi mia sita na tatu. Mwalimu akakuna kichwa, na pale pale akamwomba aje chuoni awafundishe wanafunzi wake, angalau mara moja kwa wiki.

Bi Msusi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alivaa viatu vya kutokea, akaenda. Aliwakuta vijana kumi na sita, wake kwa waume, wamesimama kuzunguka meza, akawaonyesha jinsi ya kushika waya bila kuubana, na kwa nini kiti cha mpimaji kikae mbali. Kila alipoulizwa amejuaje jambo fulani, alijikuta akieleza siku walipolikosea, nani alikasirika, nani alicheka.

Alipofika nyumbani alivua viatu, akakaa kitandani. Ndipo alipotambua kwamba kwa saa mbili nzima alikuwa akimzungumzia mumewe mbele ya watu, na sauti haikumkatika hata mara moja.