Mwezi Unaong'aa Upande wa Kushoto

Spès alikuwa mwalimu kabla hajawa kitu kingine chochote. Bujumbura alifundisha miaka tisa. Durban, kwa miaka sita, alisuka nywele za watu huku cheti chake kikilala chini ya godoro. Basi shule ndogo ya watoto wa wahamiaji kule Umbilo ilipompa wiki nne za majaribio, alinunua kalamu tatu nyekundu kabla ya kufikiria viatu.

Somo lilikuwa jua na sayari zake. Sayari ya Mshtarii akaifanya kwa nanasi, Zohali akaivika pete ya kadibodi, na darasa la nne likampenda papo hapo. Wiki ya mwisho akawafundisha mwezi. Alichora ubaoni kama alivyofundishwa na kitabu chake cha Kifaransa: mwezi mchanga hung'aa upande wa kulia, ukikua hivyo hivyo hadi nusu. Kisha akawapa kazi: kila jioni kuanzia Jumatatu wautazame mwezi, na Ijumaa asubuhi waje na michoro ya walichokiona angani.

Michoro ikaja. Watoto ishirini na wawili, na ishirini na mmoja wao walichora mwezi unaong'aa kushoto!

Spès alipandwa na hasira. Kumbe wamenakiliana, tena wamenakili kosa! Akapiga kosa jekundu, daftari baada ya daftari. Gaël peke yake alichora kulia, akapata kumi kwa kumi na neno "Bravo". Mkuu wa shule, Madam Bilha, mama wa Kikenya asiyecheka ovyo, akayabeba madaftari yote kwenda nayo nyumbani. Alisema anataka kuona jinsi mwalimu huyu anavyosahihisha, na Jumatatu angekaa darasani, kisha aamue kama Spès anabaki.

Jumamosi saa kumi na moja jioni Spès alikuwa juu ya paa la ghorofa lao, Albert Park, akianika shuka. Akainua macho. Nusu mwezi ulikuwa juu ya majengo, mweupe, na upande uliokuwa unang'aa ulikuwa wa kushoto.

Aliutazama kwa muda mrefu, kibanio cha nguo mdomoni. Kwao Bujumbura mwezi hupita utosini; ukigeukia huku ni kulia, ukigeukia kule ni kushoto, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukibishia kitabu. Lakini kitabu kilitungwa Ulaya, kaskazini, na yeye sasa alikuwa kusini kabisa. Watoto walitazama juu. Yeye alitazama kitabu. Na makosa yake ishirini na moja yalikuwa mezani kwa Madam Bilha! Usiku ule na uliofuata hakulala vizuri, na sitamlaumu.

Jumatatu mkuu alikaa nyuma, madaftari magotini. Spès angeweza kurukia somo la vimondo na kunyamaza. Akasimama mbele ya ubao, akasema:

"Watoto, mimi ndiye nilikosea. Ninyi mko sawa. Mwezi wa hapa inang'aa kushoto."

"Eish, Madam!" Anaïs, msichana wa dawati la mbele, akaruka. "Mimi nilisema!"

Spès akachora nusu mwezi ubaoni kama unavyoonekana Durban, akawaambia waupe ubao mgongo, wainame na kuutazama kupitia katikati ya miguu yao. Vicheko, matako juu, na Anaïs akapiga kelele kwamba umehamia kulia.

"Ndivyo mtu wa Ulaya anavyouona," Spès akasema. "Mwezi ni ule ule. Dunia ni mviringo, na sisi tumesimama upande mwingine."

Gaël peke yake hakuinama. "Madam," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sikutazama. Nilikopi ubao."

Darasa likaangua kicheko, Spès naye akacheka. Kengele ilipolia na watoto kutoka, Madam Bilha akaja mbele polepole, akayaweka madaftari mezani.

"Mwalimu, hizi nilizisoma Jumamosi, moja moja."

"Ndiyo, Madam. Naomba msamaha."

"Ngoja. Mimi nimesomea Kakamega, na vitabu kama hicho chako, na hapa Durban nina miaka kumi na minne." Akashusha sauti, akatazama mlango. "Niliona hizo kosa zako nyekundu nikasema, huyu mama yuko makini, hawa watoto wamenakiliana. Hata sikufikiria kuchungulia dirishani."

Spès alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumamosi. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

"Pangusa uso uje ofisini utie sahihi mkataba," Madam Bilha akasema. "Lakini kwanza nionyeshe tena ile ya kuinama. Funga mlango."