Mita Sifuri Kutoka kwa Miriam

Odilie Cascante alipeleka barua mitaa ya mji wa Heredia miaka kumi na tisa, mpaka goti la kushoto likagoma. Akasomea kompyuta pamoja na watoto wa kuwazaa, akapata kazi katika kampuni ndogo ya programu ya kupeleka dawa majumbani. Wakamweka kwanza kwenye simu za wateja, akatukanwa miezi minane mfululizo. Aliichukia simu ile kama jino bovu.

Kutafuta pa kuponea ndiko kulikomzaa Mlevi. Huyo ni programu aliyoiandika mwenyewe, kazi yake kubuni anwani ovyo ovyo na kuitupia programu ya dawa, ionekane itakwama wapi. Nyumba za Heredia hazina namba. Mtu hukaa mita kadhaa kutoka mahali panapojulikana. Basi Mlevi alichanganya mahali, mita na pande zote za dunia, anwani elfu kumi na nane kabla kahawa haijapoa: kutoka palipokuwa na mti wa tini, mita elfu saba kaskazini, kisha rudi zote. Jina alipewa na Greivin, kijana aliyeiandika programu ya dawa na mwenye ulimi usiolala, ingawa wanawake wakubwa aliwaita doña, yaani mama, kwa heshima.

"Doña Odilie, mlevi wako leo kalala mtaro gani?"

"Cheka tu, mwanangu. Mlevi hupita njia usizopita wewe."

Greivin alikuwa amejaribu kwa anwani yake na za rafiki zake kumi na mmoja, zote zikapita. Jumatatu programu ingeanza kazi, na mteja wa kwanza angekuwa bibi yake, mwenye dawa za presha. Bosi wao, doña Xinia, alikuwa ameshachoshwa na vituko vya Mlevi.

"Odilie, dada yangu, Ijumaa ikifika saa sita mchana hajanasa kosa moja la maana, namzima. Na wewe unarudi kwenye simu."

Ijumaa, saa tano na robo, programu ya dawa ikazimika. Odilie akasoma anwani iliyoizima: kutoka duka la mikate la Ulate, mita sifuri. Akairudia mara tatu, nayo ikazimika mara tatu. Akawaita wenzake.

Greivin alicheka mpaka akashika meza. "Mita sifuri? Nani anakaa humo, hamira?"

Doña Xinia akatazama saa. Alimhurumia, lakini kazi ni kazi. "Mimi nataka kosa la watu wanaoishi, Odilie."

"Sawa. Greivin, wewe unakaa wapi?"

"Si unapajua? Kutoka dukani kwa Miriam, mita hamsini kusini, geti la buluu."

"Na jirani yako?"

"Kwa Miriam, mita mia."

"Huyo Miriam ni nani?"

"Doña, bibi yangu huyo. Anakaa nyuma ya duka."

"Haya, andika anwani ya bibi yako."

Greivin akaandika: kutoka dukani kwa Miriam. Alipofika kwenye mita, vidole vikasimama. Mtaa mzima hujielekeza kwa bibi yule, na mwenyewe hana pa kujielekezea, kinyozi hajinyoi. Akaandika sifuri. Programu ikazimika.

"Barua zake nilimpelekea mimi," Odilie akasema taratibu. "Bahasha imeandikwa Miriam, basi."

Mchana ule Greivin hakula, alikuwa akiirekebisha programu. Odilie alikula wali na maharage yake kwa raha zote, simu ikilia meza ya mbali, na hakuinuka.

Jumatatu alasiri, dawa zikiwa zimeshafika kwa Miriam, Greivin akaja na kikombe cha kahawa, akakiweka kando ya kompyuta ya Odilie.

"Si yako hii, doña. Ni ya Mlevi. Bibi kaniagiza. Anasema ndiye wa kwanza kuuliza yeye anakaa wapi."

Odilie akainywa kwa niaba yake.