Uso Nyuma ya Kioo Kizito

Chumba cha eksirei kilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa kwa matofali. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikazurura kutoka Kebirigo hadi mashamba ya chai na kurudi. Miaka ile ya hamsini nikapata kazi katika hospitali moja mjini Kisii: kufungiwa chumbani humo na kuwashika wagonjwa wasitikisike. Nilivaa aproni ya risasi ya kuzuia miale, nzito kama gunia lililolowa. Ilikuwa hiyo moja tu. Fundi wetu, mtu wa upande wa ziwa, alijikinga nyuma ya ubao wenye bati la risasi, akichungulia kwenye kioo kizito.

Nilimwuliza kila kitu. "Miale haikai inakotumwa," aliniambia. "Ikimgonga mgonjwa hutawanyika, kama maji ukiyamwaga juu ya jiwe. Hulowa na aliye kando."

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Nyaramba na mtoto aliyevunjika mkono. Baba mkwe wake aliyewaleta akasimama mlangoni. Mtoto alipiga mateke, hakutaka kushikwa na mtu ila mama yake.

"Mama, una mimba?" fundi akauliza, kwa sauti ya mnadani.

Mama akatazama sakafu. "Hapana."

"Basi mshike."

Kwetu mke hataji mimba mbele ya baba wa mumewe. "Hapana" ile haikunitosha. Alikuwa amebanwa: akikiri, aibu; akinyamaza, miale itamfikia aliye tumboni.

"Baba," nikamwambia mzee kwa Kikisii, "mlango lazima ufungwe. Keti kwenye benchi."

"Nifungiwe nje, na mjukuu wangu yumo ndani?"

"Ni amri ya mashine."

"Mashine ina amri kunishinda mimi!" Akatoka akinung'unika.

Nikafunga mlango, nikamwuliza mama upya, polepole. Akaweka mkono tumboni. "Mzee asijue kwa kinywa changu."

Fundi akashika kichwa. "Nyinyi Wakisii mtakufa kwa heshima! Mama, njoo huku nyuma."

Nyuma ya ubao palimtosha mtu mmoja. Wakasimama wamepeana migongo, fundi amebanwa kwenye swichi kama mjusi ukutani, uso wa mama ukatokea kwenye kioo. Mtoto akauona, akaacha kulia. Nikamshika mkono.

"Ametulia?" fundi akauliza, maana hakuweza kuona.

"Ametulia," mama akajibu.

Mashine ikanguruma, ikanyamaza.

Mzee akagonga. "Mmemaliza, au bado inaamuru?"

Mama akatoka na mtoto, akampita mkwewe kwa mbali, macho chini. Tangu siku hiyo fundi aliwauliza wanawake mlango ukiwa umefungwa.

Nami nilibaki nikitazama viganja vyangu, ambavyo aproni haikuvifikia.

"Fundi, na hii mikono?"

Akarudi nyuma ya ubao wake. "Mwite anayefuata," akasema. "Na ufunge mlango."