Matawi ya Delphis

Leontine Cyr alikuwa na jambo moja tu la kulipigania: mumewe Delphis asiishie nyumba ya wazee. Daktari alikuwa amesema waziwazi. Mapafu ya Delphis, yaliyoliwa na vumbi la maghala ya viazi tangu ujana, hayangestahimili tena baridi ya nyumba yao. Upepo ulivuka mto kutoka Kanada ukaingia ukutani bila hodi. Mafuta waliyochoma yalimpasha moto kila apitaye barabarani kuliko wao.

Kwa hiyo kiangazi kile akauza kipande cha msitu alichorithi kwa baba yake, akamwita fundi Wendell Tardif aizibe nyumba kwa sufi na povu la kuzuia baridi. Gharama ilikuwa dola elfu tisa. Jimbo la Maine lingemrudishia elfu nne, ila kazi ikishakwisha na kukaguliwa. Atoe kwanza, arudishiwe baadaye. Wendell alimpigia hesabu: mafuta ya mwaka yangepungua kwa nusu, na baada ya miaka michache msitu ungekuwa umejilipa.

"Msitu haujilipi, msitu huota," Delphis alisema kutoka kitini pake. "Umeuza miti ukanunua povu, Tine."

"Na wewe unalala na kofia kichwani kama mwizi wa kuku. Kula, chakula kinapoa."

Mafundi walijaza sufi darini, wakapulizia povu kwenye msingi, wakaziba nyufa zote. Jiko la zamani la dohani likang'olewa, ikafungwa hita mpya ambayo bomba lake la moshi lilitokea ukutani chini, usawa wa goti. Kabla ya kuondoka, Wendell alimwita Leontine nje.

"Mama Cyr, hapa pasizibwe. Si kwa theluji, si kwa matawi. Moshi utarudi ndani. Mwambie mzee."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Katika bonde lile, kabla ya theluji kuanguka, mwanamume hukata matawi ya msonobari akayapanga kuuzunguka msingi wa nyumba, upepo usipenye. Nyumba isiyopangiwa matawi, watu husema mwenyewe ni mlevi. Delphis alikwisha kuacha kupasua kuni, akaacha na kuendesha gari. Matawi ndiyo yaliyombakia. Kumwambia aache ilikuwa kumwambia kwamba kazi yake duniani imekwisha, na Leontine hakuwa na moyo huo. Alisema kesho. Kesho ikawa Novemba.

Jumapili moja alirudi kanisani akamkuta mumewe uani, anahema, mikono imeganda utomvu, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Umezitoa wapi nguvu hizo, mzee wewe?"

"Nimelilinda povu lako! Jirani Alphée kapita akapiga honi. Eti, 'Delphis, hujafa tu?' Nikamwambia nakusubiri wewe utangulie."

Leontine akatazama upande wa hita. Mdomo wa bomba haukuonekana.

"Delphis, pale kwenye bomba..."

"Bomba nimeliachia nafasi, mwanamke! Unanifundisha kazi niliyoianza kabla hujajua kusuka nywele?"

Akachungulia. Nafasi ilikuwepo, upana wa kiganja. Akamtazama mumewe usoni, akaingia ndani. Alijiambia kwamba kesho, Delphis akisinzia baada ya chakula cha mchana, atayaondoa kimyakimya. Watu huita hilo upole. Lakini upole unaomficha mtu hatari yake ni woga uliovaa nguo ya kanisani.

Theluji ilianguka usiku kucha, ikaijaza ile nafasi ya kiganja. Alfajiri kengele ya hewa ya sumu ililia jikoni. Leontine aliamka kichwa kinapasuka. Alimvuta Delphis kwa makwapa mpaka kizingitini mwa chumba, akashindwa, akatambaa peke yake kwenda kuufungua mlango. Alphée alimkuta barazani kwenye theluji, bado anaita jina la mumewe. Delphis alikuwa amekwisha kufa pale kizingitini; mapafu yale hayakuwa na akiba ya kupigania.

Desemba akaja mkaguzi wa jimbo, kijana mwenye adabu. Alifunga feni kubwa mlangoni, akapima hewa inayovuja, akatabasamu.

"Hongera, mama. Nyumba haivuji kabisa. Rejesho lako utalipata lote."

"Nikuulize. Kama ningeiacha ilivyokuwa, matawi yangemuua?"

Mkaguzi akajishughulisha na waya wa feni. "Kwa jiko lile la dohani? Hapana, mama. Na hewa ilikuwa inaingia kila mahali."

"Hata kwa hii mpya, kama angejua?"

"Kama angejua, hapana. Kwani hakuambiwa?"

"Niliambiwa mimi," Leontine akasema. "Nimwambie yeye."

Kijana akabeba feni yake akatoka, na Leontine akaufunga mlango. Ndani mlikuwa na joto.