Harufu ya Mbuta Kwenye Giaboksi

Basi la pili lilipokufa kwenye mlima wa kutoka Homa Bay kuelekea Rodi, abiria walishuka wakiziba pua na kumlaumu mama mmoja aliyekuwa na kapu magotini.

"Mathe, si ungeweka samaki zako kwa keria?" kondakta alimfokea.

Mama akalifunua kapu. Lilikuwa na nyanya tupu. "Nusa basi lako, omera. Usininuse mimi."

Nilikuwa ndani ya basi hilo, nami ndiye niliyekuwa fundi mkuu wa mwenye mabasi. Nililala chini ya gari, juu ya kokoto, nikachovya kidole kwenye oili iliyokuwa ikidondoka kutoka giaboksi, nikakileta puani. Nusura nitapike. Haikuwa oili iliyoungua tu. Ilikuwa mbuta, yule samaki mnene wa ziwani.

Naijua harufu hiyo kama sauti ya mama yangu. Alitulea kwa kukaanga samaki ufuoni. Mbuta ana mafuta mengi kiasi kwamba hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Mama aliyayeyusha kwenye pipa lililokatwa nusu, nami nikaenda shule nikinuka hadi wenzangu wakahama dawati. Niliapa kuitoka harufu hiyo, na nikaitoka. Hakuna mjomba aliyenilipia karo wala nauli. Nilifika Ulaya, nikaosha mabasi kwenye karakana ya jiji, nikasoma jioni, nikapata diploma ya ufundi wa magari. Kabla sijarudi nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa nikiamua oili gani iingie kwenye basi gani. Migori nzima wakati ule hapakuwa na mwingine wa kusema hivyo, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu.

Ndiyo maana mwenye mabasi aliniajiri. Alikuwa mfanyabiashara mzee, sote tukimwita Jaduong', na alikuwa amenunua mabasi matatu ya jiji yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yenye gia za otomatiki. Giaboksi ya namna hiyo haina klachi ya kukanyaga. Oili ndiyo inayosukuma gia, ndiyo inayozipoza, kwa hiyo lazima iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji: nyekundu, nyepesi, yenye kustahimili joto. Nilimchagulia iliyo sawa, nikamwelekeza duka la Kisumu lililoiuza ikiwa bado na lakiri ya kiwandani. Lakini kazi ya kununua akampa shemeji yake, ndugu wa mkewe, mwanamume wa viatu vya kung'aa ambaye hakuwahi kulala chini ya gari hata siku moja. Huyo akawa analeta oili kwenye mitungi ya manjano isiyo na maandishi. "Ni hiyo hiyo," alikuwa akisema. "Wamenipimia tu."

Tulipolivuta basi la pili hadi Migori, Jaduong' aliniita mbele ya madereva wote. "La tatu likikufa, nauza yote vyuma kuukuu. Na wewe urudi na diploma yako ulikotoka."

"Ni oili, Jaduong'. Imechanganywa na mafuta ya samaki."

Shemeji akacheka. "Bwana Diploma! Huko ng'ambo walikufundisha kunusa? Hata mbwa ananusa, na hajaenda college."

"Basi tuwaite mbwa," nikasema.

Nilifungua giaboksi ya basi la tatu, nikamwaga oili kwenye karai, nikaiacha ipoe. Kwenye karai jingine nikamimina oili safi ya mkebe niliokuja nao mwenyewe kutoka Kisumu. Nikaziweka zote mbili langoni, mahali mbwa wa buchari walipozoea kuzurura. Walikuja watatu. Walinusa oili yangu, wakapiga chafya, wakaiacha. Kwenye karai la shemeji walizamisha nyuso. Walilamba mpaka ndevu zao zikawa nyekundu. Mmoja alitia mguu ndani, kisha akaulamba mguu.

"Yawa!" dereva mmoja akapiga kelele. "Kumbe tunaendesha supu!"

Watu walicheka hadi wakashikilia magurudumu. Mimi sikucheka. Mashine iliyotengenezwa kwa vipimo vya unywele ilikuwa imenyweshwa makombo ya ufuoni.

Shemeji alimpiga mbwa teke. Jaduong' akasema neno lililonichefua kuliko karai lile. "Sasa si mchanganye nusu kwa nusu? Yako na yake. Huyu ni ndugu ya mama watoto. Unataka nilale wapi?"

"Giaboksi haina shemeji," nilimwambia. "Nusu ya uchafu ni uchafu. Chagua oili moja, ama nichukue spana zangu sasa hivi."

Mbwa mmoja alikuwa ameanza kutapika kando ya gurudumu la nyuma la basi la tatu. Jaduong' alimtazama hadi akamaliza.

"Nunua wewe," akasema.

Niliisafisha giaboksi ile, nikabadilisha kichujio, nikajaza oili yangu. Basi la tatu lilipanda mlima wa Rodi likiwa limejaa abiria bila kukohoa, na hayo mengine mawili niliyafufua kwa mikono hii hii. Hakuuza hata bolti.

Baada ya siku chache niliingia stoo kuitupa mitungi ya manjano iliyobaki. Haikuwepo.

"Nimeirudisha," shemeji alisema. "Kwa mama mmoja wa ufuoni Homa Bay aliyeniuzia mafuta. Yeye hana maringo kama yako. Ameipokea yote."

"Na oili iliyomo ndani? Ataifanyia nini?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mjinga. "Si anakaanga."

Ilikuwa saa ya chakula. Jaduong' alikuwa kwenye benchi la gereji, sahani magotini, akinyonya kichwa cha mbuta aliyeletwa na basi la asubuhi kutoka Homa Bay. Mkia wa samaki huyo ulikuwa na wekundu ambao samaki hana. Nilimwambia samaki huyo amekaangwa kwa mafuta gani, na yalitoka kwenye mitungi gani.

Taya zikasimama. Alimtazama shemeji yake, akaitazama sahani, akalamba kidole gumba.

"Lakini ni tamu," akasema, akaendelea.

Niliwahi nyuma ya basi la tatu, nikatapika pale pale alipotapikia mbwa.