Barua ya mchungaji na cheti cha jeshi

Jamani, leo nimeulizwa swali, nawaletea.

Kanisani Upper Marlboro, huku ughaibuni, pale ninaposaidia watu kujaza fomu za kazi za serikali, alikuja kaka mmoja Mkamba. Ametumikia jeshi la huku miaka minne, na sasa ni mwaka wa pili anaomba kazi, hapati.

Mkononi ana barua ya mchungaji ya kumpendekeza, tena yenye muhuri.

"Cheti cha jeshi kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa sanduku, nyumbani Germantown. Si kazi ni kujulikana?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba cheti hicho kinamwongezea alama kwenye maombi ya kazi, kwa kuwa serikali huwapa kipaumbele waliotumikia jeshi.

"Umevaa sare za serikali miaka minne. Wanakujua."

Akaikunja barua yake polepole.

"Kama wananijua, mbona hakuna aliyeniambia?"

Kicheko kikaniishia hapo.

Nyinyi mngemjibu nini?