Maharage Yaliyoliwa Saa Kumi

Kabla hata ya saa sita mchana, fundi seremala alikuwa ameshampigia mkewe simu mara tatu, na zote kwa swali moja.

"Amekula?"

"Amelamba," mkewe alijibu ile ya tatu. "Baba, fanya kazi yako. Mtoto hali kwa simu."

Akarudi kwenye benchi, akashika randa, akaisukuma mara mbili, akaiweka. Akachukua futi akapima mguu wa meza ambao alikuwa ameshaupima, na kabla penseli haijagusa mbao akawa ameshasahau kipimo. Binti yake mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa hali kitu ila viazi vya kuchemsha na mkate uliokatwa kingo, na viazi vyenyewe visiguswe na mchuzi. Yai lilimliza. Wali aliuchambua punje kwa punje kama anayetafuta mawe, kisha akasema ameshiba.

Jambo hili lingemsumbua baba yeyote, lakini fundi lilimtafuna zaidi, kwa sababu miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiwahukumu wenzake. Mtoto wake wa kwanza, naye binti, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, alikula kila alichopewa na kuulizia cha mwenzake. Karakana nzima walimwita Mashine. Fundi akaamini kwamba ni malezi yake. Mtu akilalamika pale karakana kuwa mwanawe anachagua chakula, alimkata kauli: "Mmemdekeza. Kwangu mimi hakuna hoteli." Kisha, bila kuombwa, alisimulia kisa cha mtoto wa shemeji yake.

Miaka sita nyuma, dada mkubwa wa mkewe alikuja kuwatembelea akiwa na binti yake wa miaka saba. Mtoto akakataa maharage. "Shemeji, niachie mimi siku moja tu," fundi akasema. Akamkalisha kitini saa saba mchana, sahani mbele yake, akamwambia hainuki mpaka iwe nyeupe. Saa kumi sahani ikawa nyeupe. "Alimaliza mwenyewe," fundi alipenda kusema, "bila kiboko, bila kelele. Ni msimamo tu."

Alichokuwa hakisemi ni kwamba mtoto alitapika yote, mpaka gauni likaloa. Mama yake alilifua lile gauni kimya, na kesho yake asubuhi wakaondoka, siku mbili mapema kuliko walivyopanga. Mlangoni alisema neno moja tu: "Tumeshukuru."

Sasa msimamo huo fundi aliujaribu kwa mwanawe. Mtoto akabana tonge shavuni, akasinzia nalo papo hapo kitini. Alipoamka baada ya saa nzima, tonge lilikuwa palepale. Mpiga vanishi wa karakana aliposikia, alicheka mpaka akaweka brashi chini.

"Kwa hiyo fundi, hoteli umefungua lini?"

Wote wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akaokota randa.

Wiki hiyohiyo shemeji akapiga simu. Alikuwa na miadi ya macho katika hospitali ya mjini, angekaa siku tano, na binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, angekuja naye ili amshike mkono barabarani. Mkewe fundi alifurahi, akaanza kufua mashuka. Fundi alitoka nje, akaingia, akatoka tena.

"Una nini wewe?" mkewe akamuuliza.

"Sina kitu. Nasema hivi, huyu mdogo tumlishe mapema, chumbani, kabla wageni hawajakaa mezani."

Mkewe akaweka shuka chini. "Unamficha mtoto, au unajificha wewe?"

Fundi akaelekea mlangoni. Akasema anakwenda kuangalia gundi kama imekauka.

Siku ya kwanza walipokaa kula, mpango wa chumbani ulikuwa umeshashindwa: mdogo alimng'ang'ania binti mgeni, akataka kukaa karibu naye. Mkewe akapakua. Yule binti wa shemeji akafungua mkoba wake, akatoa kopo la plastiki lenye mkate na mayai mawili ya kuchemsha.

"Yeye atakula chake, shemeji, msijali," mama yake akasema kwa upole. "Akienda kwa watu hubeba chake. Tangu zamani."

Tangu zamani. Fundi aliinamia sahani yake. Mbele ya mdogo kulikuwa na viazi, na kwa bahati mbaya mchuzi ulikuwa umegusa kimoja. Mtoto akaanza kukunja uso. Yule binti akachukua kijiko, akakitoa kile kiazi na kukiweka pembeni, akafuta sahani kwa kipande cha mkate, akairudisha. Mdogo akala viazi viwili.

Fundi akanawa kabla ya wenzake na kurudi kazini, na alasiri ile akakata mbao nzima ikapungua kipimo kwa upana wa vidole viwili.

Siku tatu alingoja shemeji ampasulie ukweli. Angalau neno la mafumbo, angalau mguno. Lakini shemeji aliuliza habari za kazi, alimsifia kabati, alimwimbia mdogo. Wema ule ulimkosesha usingizi wa mchana na raha ya chai. Alikuwa kama mtu aliyeona fimbo inainuliwa na haishuki.

Siku ya nne, binti akiwa amebaki kucheza na mdogo, fundi ndiye aliyempeleka shemeji hospitali. Shemeji alitiwa dawa machoni, wakakalishwa kwenye benchi la ukutani wangoje ifanye kazi. Alikaa ameinua kidevu, macho yamefumbwa, kitambaa mkononi. Fundi akaona kwamba kama halisemi hapo hatalisema tena.

"Shemeji. Ile siku ya maharage."

"Enhe."

"Nilikosea."

Shemeji alifuta chozi la dawa. "Mwaka mzima nilikuwa nakuchukia, shemeji yangu. Nikisikia jina lako naondoka chumbani. Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Mimi ndiye mama yake. Nilikuwa jikoni, namsikia analia, hatua tano tu, na sikwenda. Unajua kwa nini? Niliona haya. Nilikuwa naogopa utasema nimeshindwa kumlea."

"Ningesema," fundi akakiri.

"Najua ungesema." Akatabasamu kidogo, macho bado yamefumbwa. "Lakini mimi si wa kuombwa. Aliyekaa kwenye kiti si mimi."

Jioni ile alimkuta yule binti uani, anaanua nguo. Fundi akasimama karibu na kamba, hajui mikono aiweke wapi, mwishowe akaanza kumshikia vibanio.

"Mwanangu, nilikukalisha kitini ukiwa mdogo. Lile halikuwa jambo la mtu mzima kufanya. Nisamehe."

Binti akakunja shati, akalilaza kwenye beseni. "Baba mdogo, kwa nini ulimwambia jirani nimemaliza mwenyewe? Nilikusikia. Nilikuwa bado sijabadilishwa gauni."

Fundi alitegemea maswali mengi, si hilo. "Nilitaka nionekane najua."

"Sawa," binti akasema, akaendelea kuanua. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Fundi alibaki pale mpaka kamba ikawa tupu.

Kesho yake karakanani alikuja mteja kuchukua kitanda cha mapacha wake, na kwenye maongezi akasema mmoja hali mboga kabisa. Mpiga vanishi akadakia: "Muulize fundi! Yeye alimkalisha mtoto wa mtu kwa saa tatu nzima, akamaliza mwenyewe!"

"Alitapika," fundi akasema.

"Nani?"

"Yule mtoto. Alitapika yote. Sikuwahi kuwaambia. Na mpaka leo kwa watu hali."

Randa za wenzake zikasimama. Mteja akatazama kitanda chake kama ameona ufa. Mpiga vanishi akakohoa, akasema vumbi limezidi leo, wafungue mlango. Hakuna aliyemuuliza fundi ushauri tena siku hiyo, na yeye alifanya kazi vibaya mpaka jioni, lakini angalau alifanya.

Wageni waliondoka siku ya sita asubuhi. Mdogo alikuwa ameamka na njaa, analia kwa sababu mkate ulikuwa na kingo. Fundi akachukua kisu haraka. Yule binti akamshika mkono.

"Baba mdogo, zikate mbele yake, halafu usizitupe. Ziache pembeni ya sahani. Na mchuzi vilevile, kidogo tu kwenye kibakuli chake. Usimwambie ale. Auangalie tu."

"Mpaka lini?"

Binti akabeba mkoba, akampa mama yake mkono.

"Sijui," akasema. "Mimi maharage bado nayaangalia."

Walipopotea kwenye kona, fundi alirudi mezani akakaa. Mtoto alikuwa anakula mkate. Kingo nne zilikuwa pembeni ya sahani, na fundi hakujua afanye nini na mikono yake, basi akaikalia.